Msimu wa Virginia wa 2018-19: ubora au bahati? Na je, mwendo wa polepole utatufaa?

Mlezi wa Timu, Chake Chake, ameuliza:

Assalamu alaykum. Ninasimamia timu ya wanaume ya mpira wa kikapu katika chuo kimoja hapa Pemba, na tangu tulipoanza kutazama pamoja mechi za msimu wa 2018-19 za Chuo Kikuu cha Virginia cha Marekani, wachezaji wangu wamegawanyika pande mbili. Wapo wanaoamini kwamba ile ilikuwa timu iliyojengwa vizuri kuliko zote za mwaka ule, kwa kuwa ilishinda mechi 35, ikapoteza 3 tu na kumaliza ikiwa bingwa wa mashindano ya NCAA, yaani ya mtoano ya vyuo vya Marekani. Wengine wanashikilia kwamba bingwa aliyeokolewa na sekunde za mwisho katika mechi tatu mfululizo, dhidi ya Purdue, Auburn na Texas Tech, amebebwa na bahati. Hawa huongeza kwamba kocha huyo huyo, Tony Bennett, akiwa na wengi wa wachezaji hao hao, alifungwa na UMBC (Chuo Kikuu cha Maryland, Kaunti ya Baltimore) kwa 74-54 mwaka mmoja kabla, tena katika mechi ya kwanza kabisa ya mashindano.

Mimi sitaki kuwaamulia kwa sababu tu ndimi mkubwa wao. Naomba wenye ujuzi wanisaidie mambo mawili. La kwanza, msimu kama huu unapimwaje kwa haki? La pili, ambalo ndilo lenye uzito kwangu, ni kama timu yetu, ambayo haina warefu wengi, inafaa kuiga ule mwendo wa polepole wa Virginia katika mashindano yetu ya vyuo, ambayo nayo ni ya mtoano.

Kocha wa Maisara, Mjini Unguja, amejibu:

Wa alaykumu ssalaam, maalim. Pande zote mbili za wachezaji wako zimeona kitu cha kweli, lakini hakuna upande ulioona kwamba mambo hayo mawili yanatoka katika chanzo kimoja, nacho ni idadi ya zamu za kushambulia.

Timu ya kawaida ya daraja la kwanza la vyuo vya Marekani hupata karibu zamu 70 za kushambulia katika dakika 40. Virginia ya Bennett ilikuwa ikipata kama 60, na mpinzani wake vilevile, kwa sababu zamu hupokezanwa. Walitumia karibu sekunde zote 30 wanazopewa na sheria za vyuo, wakizunguka na kuwekeana vizuizi (mmoja husimama njiani mwa mlinzi ili mwenzake apate nafasi) mpaka mlinzi mmoja achoke au akosee. Walipokosa mtupo hawakukimbilia kwa wingi ribaundi, yaani mpira unaorudi kutoka kikapuni, bali walirudi mapema kupanga ulinzi, hivyo mpinzani naye hakupata mashambulizi ya haraka na akalazimika kucheza polepole.

Ulinzi wenyewe ni ule aliouasisi baba yake, Dick Bennett. Mlinzi mmoja humbana mwenye mpira, na wanne waliobaki hukaa ndani ya mstari wa kufikirika ulio kama mita 5 kutoka kikapuni, kila mmoja akiwa tayari kuziba njia ya anayepenya. Matokeo yake ni kwamba kupenya hadi chini ya kikapu huwa kazi ngumu mno, na mpinzani husukumwa kwenye mitupo ya mbali. Msimu ule Virginia iliruhusu wastani wa pointi 56 hivi kwa mechi, ingawa kiasi fulani cha udogo wa idadi hiyo kinatokana na uchache wa zamu wenyewe.

Sasa itazame hesabu. Mvuvi hodari na mvuvi mgeni wakitupa ndoana mara tatu tu, mgeni anaweza kurudi na samaki wengi zaidi. Wakivua tangu alfajiri hadi magharibi, ustadi utajitokeza. Timu bora inayopunguza zamu inajipunguzia nafasi za kuonesha ubora wake, na ikiwa ulinzi wake humwachia mpinzani mitupo ya mbali, basi siku mitupo hiyo ikiingia hatari huwa kubwa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa dhidi ya UMBC tarehe 16 Machi 2018. Hadi mapumziko walikuwa 21-21. Kipindi cha pili UMBC walifunga pointi 53, na kwa mechi nzima waliingiza mitupo 12 ya pointi tatu kati ya 24, huku Virginia wakiingiza 4 kati ya 22. Kabla ya usiku ule, timu zilizopangwa namba 1, yaani zilizohesabiwa bora zaidi katika kundi lao kama Virginia, zilikuwa zimekutana na zilizopangwa namba 16, za mwisho kabisa kama UMBC, mara 135 na kushinda zote. Ni haki pia kukumbuka kwamba De'Andre Hunter, mchezaji wao mwenye vipaji vingi kuliko wote, hakucheza kwa kuwa alikuwa amevunjika kifundo cha mkono.

Kwa hiyo mwendo ule ule uliowaangusha 2018 ndio uliozifanya mechi zao za 2019 zifike sekunde za mwisho. Kwangu mimi hilo halipunguzi ubora wao hata kidogo. Linaeleza tu kwa nini timu bora ilikuwa ikiishi karibu na ukingo.

Mkaazi wa Wete amejibu:

Naheshimu maelezo ya kocha, lakini nusu fainali dhidi ya Auburn inahitaji kusemwa kwa uwazi zaidi, kwa sababu zamu pekee haziielezi.

Virginia walikuwa mbele kwa pointi 10 zikiwa zimebaki dakika kama tano, wakafungwa pointi 14 mfululizo na kujikuta nyuma kwa 61-57. Kyle Guy akafunga pointi tatu, Auburn wakapata mtupo mmoja wa adhabu, ikawa 62-60. Katika sekunde zilizofuata Ty Jerome alidunda mpira, ukamgonga mguuni, akaushika kwa mikono miwili kisha akaendelea kuudunda. Hilo ni kosa la kudunda mara mbili, na waamuzi hawakulipuliza. Baada ya hapo Auburn, ambao bado walikuwa na faulo za kutumia bila kumpa mpinzani mitupo ya adhabu, walimchezea rafu Jerome kwa makusudi ili kupoteza muda, na Virginia wakaanza upya wakiwa na sekunde 1.5. Guy alipokea kwenye kona, akarusha, na Samir Doughty akamwingilia hewani bila kumwachia nafasi ya kutua. Faulo hiyo ilikuwa ya haki. Guy akaingiza mitupo yote mitatu, zikiwa zimebaki sekunde 0.6, na mechi ikaisha 63-62.

Sisemi kwamba Virginia waliiba. Ninachosema ni kwamba kama filimbi ingepulizwa mara moja tu mahali pake, leo tungekuwa tunawazungumzia Auburn, na mwenye kuupima msimu kwa haki hana budi kuliweka jambo hilo kwenye mizani. Kijana anayekuambia kwamba bahati ilikuwepo hajakosea.

Mlinzi wa Zamani, Ng'ambo, amejibu:

Ndugu yangu wa Wete, nakubali kuhusu kudunda mara mbili, lakini nakuomba uirudie mechi iliyotangulia, ile ya Purdue, kwa sababu humo nauona msimu mzima.

Carsen Edwards alifunga pointi 42, mitupo 10 ya pointi tatu, mingine akiwa mbali kiasi kwamba hakuna ulinzi wowote duniani unaopanga watu pale. Ulinzi wa Virginia ulikuwa ukifanya ulichofundishwa na bado ukachapwa, kama ulivyochapwa na UMBC. Tofauti ni kwamba safari hii waliweza kujibu kwa kufunga. Zikiwa zimebaki sekunde 5.9, wakiwa nyuma kwa pointi 3, Jerome aliingiza mtupo wa kwanza wa adhabu na kukosa wa pili. Mamadi Diakite, kijana wa Conakry, Guinea, aliupiga mpira kwa ncha za vidole ukarudi nyuma hadi nusu yao ya uwanja. Kihei Clark, mchezaji mfupi kuliko wote pale na wa mwaka wa kwanza chuoni, aliukimbilia, akageuka, na badala ya kurusha kutoka mbali kwa pupa akampa Diakite pasi ndefu iliyonyooka, naye akafunga kengele ikilia. Ikawa 70-70, na katika muda wa nyongeza wakashinda 80-75.

Kila ninapoitazama pasi ile nafurahi upya. Mpira kurudi pale ulikorudi ilikuwa bahati, hilo silibishi. Lakini Clark kuuona uwanja wote akiwa katika mbio, na Diakite kubaki mahali anapofikika badala ya kusimama akitazama, ni matunda ya mazoezi ya miaka.

Tena wanaowaita walinzi watupu wanawapunguzia haki yao. Timu ya 2019 ilikuwa miongoni mwa bora nchini katika kufunga pia, na hilo ndilo badiliko kubwa kutoka mwaka uliotangulia. Guy alikuwa na wastani wa pointi 15.4, Hunter 15.2 na Jerome 13.6, kwa hiyo mpinzani hakujua amzibe nani. Katika fainali pale Minneapolis, ambayo kwetu huku ilikuwa alfajiri ya tarehe 9 Aprili, Hunter alifunga pointi 27, zikiwemo tatu za kusawazisha zikiwa zimebaki sekunde chache, 68-68. Texas Tech nao walisifika kwa ulinzi, na bado wakafungwa pointi 85 dhidi ya 77 baada ya muda wa nyongeza.

Hata misukosuko yao haikuwa mipya kwao. Mechi ya kwanza ya mashindano ya 2019 walikutana na Gardner-Webb, timu nyingine iliyopangwa namba 16, na walifika kuwa nyuma kwa pointi 14 katika kipindi cha kwanza. Fikirini vijana wale walikuwa wakikumbuka nini wakati ule. Walirudi kipindi cha pili wakashinda 71-56, na nadhani ubingwa ulianzia pale.

Mlezi wa Timu, Chake Chake:

Nawashukuru sana. Nitawasomea wachezaji majibu yote matatu, hasa maelezo ya pasi ya Clark, kwa sababu nina kijana mmoja wa kimo chake ambaye hukata tamaa upesi. Sehemu ya pili ya swali langu bado inanisumbua, maana kama nimemwelewa kocha, mwendo wa polepole humnufaisha aliye dhaifu kuliko aliye hodari. Je, maana yake ni kwamba sisi tunaokwenda Unguja tukiwa wafupi ndio hasa tunaopaswa kucheza polepole?

Kocha wa Maisara, Mjini Unguja:

Umenielewa barabara, maalim, lakini kuna tahadhari ambazo lazima nizitaje kabla hujabadilisha mazoezi.

Sisi tunacheza kwa sheria za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu la dunia, si za vyuo vya Marekani. Wao wanacheza vipindi viwili vya dakika 20 na wana sekunde 30 za kushambulia. Sisi tuna robo nne za dakika 10 na sekunde 24, na tukipata ribaundi ya kushambulia baada ya mpira kugusa pete tunaanza na 14 tu. Wao wana sekunde 10 za kuvuka nusu ya uwanja, sisi 8. Kwa hiyo polepole ya Virginia haiwezekani kwetu kwa ukamilifu wake, na timu inayoilazimisha hujikuta ikirusha mpira wa papara katika sekunde ya 23, jambo ambalo Virginia hawakulifanya mara nyingi.

Pia msimu ule mstari wa pointi tatu wa vyuo vya Marekani kwa wanaume ulikuwa kama mita 6.32 kutoka kikapuni, na ulisogezwa hadi mita 6.75 za FIBA msimu uliofuata. Hili kwenu ni neema. Mkiwaachia wapinzani mitupo ya mbali katika uwanja wa wazi wenye upepo, mnawaachia mtupo mgumu zaidi kuliko ule waliouachia Virginia, kwa hiyo upande wa ulinzi ningewaiga bila kusita. Walinzi wafupi wanaorudi mapema na kujazana karibu na kikapu watawasumbua warefu wa Mjini kuliko walinzi wafupi wanaosambaa uwanja mzima.

Kwenye kushambulia nisingewaambia wachezaji wako wacheze polepole, bali wasirushe mtupo wa kwanza wanaouona isipokuwa uko chini ya kikapu kabisa. Pasi nne au tano, kizuizi kimoja, halafu waamue kati ya sekunde ya 12 na ya 18. Hapo mtapunguza zamu kiasi cha kuwanufaisha, bila kuikabidhi saa uamuzi wenu. Na siku mkiwa ninyi ndio bora kuliko mpinzani, basi kimbieni.

Mkaazi wa Wete:

Naunga mkono, na naongeza mitupo ya adhabu. Guy aliingiza mitatu akiwa amechoka na uwanja mzima ukipiga kelele. Wafanyishe wachezaji mazoezi ya mitupo hiyo mwisho wa mazoezi, wakati miguu imekwisha nguvu, wala si mwanzo wakiwa wapya.

Kwa wanaopenda kufuatilia historia, Bennett alistaafu Oktoba 2024, na mwaka 2025 Virginia ikamwajiri Ryan Odom, ambaye ndiye aliyekuwa kocha wa UMBC usiku ule wa 74-54.

Mlezi wa Timu, Chake Chake:

Hilo la Odom sikulijua, na vijana watalipenda. Mitupo ya adhabu tutaihamishia mwisho wa mazoezi kuanzia wiki hii. Kocha, ukipata nafasi naomba unieleze ni nani kati ya wale wanne wa ndani anayepaswa kutoka mpira unapopelekwa kwenye kona, maana hapo ndipo walinzi wangu wanapogongana.

Kocha wa Maisara, Mjini Unguja:

Anatoka yule ambaye mtu wake ndiye aliyepokea, na anatoka mpira ukiwa bado hewani, asisubiri ushikwe. Aliye jirani yake anasogea hatua moja kuziba njia ya kupenya kupitia katikati, na wawili wa upande wa pili wanavuta ndani hadi mguu wa mmoja wao uwe chini ya kikapu. Anzeni kwa kutembea, bila mpira kurushwa kikapuni, mpaka wote wanne wawe wanasogea kwa pamoja.