Picha za Dar ya zamani: zitiwe rangi au ziachwe zilivyo?

Kota za Ilala: Wadau, hii picha ya sanamu ya Askari pale barabara ya Samora inazunguka tangu juzi, mtu kaitia rangi kwa akili mnemba. Mimi naita uharibifu wa historia. Mnasemaje?

Bint Gerezani: Uharibifu gani? Ingebaki nyeusi na nyeupe hakuna kijana angeitazama mara mbili.

Fundi Negativu: Askari wa shaba kavalishwa kaki na kupakwa ngozi, utadhani mlinzi kapanda jiwe kukimbia mafuriko. Mashine haijui sanamu, inaona mtu tu. Halafu mbona magari yanapita kulia? Aliyeskani kaiweka negativu, ile filamu ya picha, kinyume. Upande usiong'aa ndio wenye utando wa picha. Ukikosea kuuelekeza, kushoto kunakuwa kulia. Igeuzeni kwanza, rangi mtabishania baadaye.

Mwenye Mji: "Sanamu ya Askari" ndiyo nini? Pale ni Bismini. Mnashuka na mabasi ya mkoani halafu mnatubadilishia majina.

Kota za Ilala: Bismini ni Wissmann, gavana wa Kijerumani, yule yule wa viboko! Sanamu yake iliwekwa 1909, Waingereza wakaing'oa baada ya kuuteka mji 1916, ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha 1967 na tena 1968. Huyu aliyesimama sasa ni wa 1927. Unamwita mtu kwa jina la bosi aliyefukuzwa.

Mwenye Mji: Nani kamtetea Mjerumani? Watu walilitafuna jina lake wakalitema likiwa Bismini, hapo ni letu. Kariakoo nayo imetoka kwenye Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Mwingereza. Kesho kanunue nyanya Soko la Wapagazi, ulete risiti.

Mpita Njia: Kuzitofautisha sanamu hizo mbili ni rahisi. Mzungu juu, askari chini anamfunika simba kwa bendera: hiyo ya Wajerumani. Askari peke yake, singe imeelekea bandarini: ya 1927.

Bint Gerezani: Nyie mnachukia rangi tu. Albamu za miaka ya 70 zina rangi, mbona kimya? Na zinaonyesha wazi Dar ilikuwa na vumbi jekundu kila kona.

Fundi Negativu: Vumbi! Dada, karatasi za enzi zile zina tabaka tatu za rangi: sayani (samawati ya kijani), majenta (wekundu wa zambarau) na njano. Sayani mara nyingi ndiyo hutangulia kufifia, hata albamu ikikaa kabatini, na joto na unyevu wa Dar vinaharakisha. Ikiondoka, wekundu unatawala. Ndiyo maana maharusi wa 1975 wote kama wametolewa tanuri. Skani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi), hifadhi faili la kwanza la TIFF, lisilopunguza ubora, bila kuligusa, rekebisha nakala. Picha iliyoganda kwenye albamu ya gundi usiibandue kwa kucha, utachana kona. Pitisha uzi wa meno nyuma yake polepole kuanzia pembeni. Ikigoma, skani ukurasa mzima.

Bint Gerezani: Hiyo "dada" ni ya heshima au ya kejeli?

Fundi Negativu: Ya heshima. Kejeli ilikuwa kwenye "vumbi".

Mpita Njia: Hii nyingine imeandikwa "Dar 1958", na Mnara wa Saa huo hapo umesimama. Mnara ni wa 1961, Dar ilipopewa hadhi ya jiji. Saa yake ilikuwa mbele miaka mitatu?

Mwenye Mji: Na wanaoandika "Samora" chini ya picha ya 1965? Wakati huo ni Independence Avenue. Kabla ya uhuru, Acacia.

Kota za Ilala: Kumbe! Bismini hutaki iguswe, lakini Samora tuwe makini na miaka?

Mwenye Mji: Acacia ilikuwa na kibao, wakaja wakakibandua. Bismini haijawahi kuwa na kibao. Utabandua nini?