Busta mpya au filta? Mnara wa FM uko jirani (Kisasa, Dodoma)

Zabibu: Wakuu, tangu mnara wa redio usimame jirani, picha za TV zinaganda na redio inaleta stesheni ileile kila ukizungusha. Kesho naingia dukani. Nichukue busta (ya kukuza mawimbi) kali zaidi au filta (ya kuzuia FM)?

FundiMasafa: Mnara uko mita ngapi? Wanarusha MHz ngapi? King'amuzi ni cha antena au cha dishi? Bila hayo tunapiga ramli.

Nkuhungu_Kwetu: Busta kali. Basi.

FundiMasafa: Hapana. Busta nyingi zinakuza kila kitu, FM ya 88–108 pamoja na TV ya 470 kwenda juu. FM ya jirani inaizidi nguvu busta, TV inavurugika. Kuna nyumba hukohuko Nkuhungu walipachika busta ya pili juu ya ya kwanza. King'amuzi kikawa kinaonyesha nguvu asilimia 95, ubora 10. Wakabadili king'amuzi, wakabadili waya, wakahamisha antena upande wa pili wa paa, wapi! Zilipotolewa busta zote mbili, chaneli zikarudi. Nguvu juu, ubora chini: usiongeze busta.

Waya75: Filta unatengeneza mwenyewe. Kipande cha waya wa antena, RG6 yenye povu ndani, unga kwa kiungio cha T kabla ya busta, ncha ya pili iache wazi. Urefu kwa sentimita: 6220 gawa kwa MHz zao. Kwa 98 ni 63.5. Anza na 66, punguza nusu sentimita kila mara.

FundiMasafa: Kwa redio sawa. Kwa TV, kipande hicho kinakata pia mara tatu na mara tano ya masafa hayo. 98 mara 5 ni 490, katikati kabisa ya chaneli 23. Bora filta ya dukani, na iwe kati ya antena na busta. Baada ya busta haina kazi.

Kizota_Stereo: Na sabufa yangu inayoongea yenyewe je?

Waya75: Iko kwenye FM hiyo, bonyeza mode. AM ndiyo huingia kwenye spika hivyo, FM ni nadra.

Kizota_Stereo: Iko AUX, bwana!

Zabibu: Mita 200 hivi. Busta imo ndani ya antena yenyewe.

FundiMasafa: Ungeanza na hilo! Hapo filta huna pa kuipachika. Tafuta antena kavu, isiyo na busta ndani. Kwenye redio, kunja antena: stesheni ikibaki mahali pake tu, redio ndiyo inazidiwa. Ikiendelea kutokea kote, jaribu redio ya gari ukiwa mbali kidogo. Ikiwa vilevile, peleka malalamiko TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Nkuhungu_Kwetu: Au dishi tu, mambo yaishe.

Waya75: Na mvua ya Januari?