Mtoto mwenye projeria aambiwe ukweli mapema, au aachwe acheze tu?

Chui_wa_Makorongo: Wakuu salaam. Jana usiku nimekesha na habari za yule kijana wa Italia, Sammy Basso, aliyefariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 28. Alikuwa na projeria, ule ugonjwa wa mtoto kuzeeka haraka, nywele zinaisha, ngozi inakuwa nyembamba, mishipa ya damu inakakamaa mtoto anakufa kwa moyo au kiharusi, na bila dawa wastani wao ni miaka 14 na nusu hivi. Sasa swali, ukijaaliwa mtoto wa hivyo unamwambia? Basso alijua hali yake tangu mdogo na akaacha kabisa barua ikasomwa siku ya mazishi yake. Mimi naona ni ukatili, mtoto wa miaka 8 unampa tarehe ya kufa ili iweje? Karibuni kwa hoja, matusi pelekeni kule kwenye siasa.

BintiPangani: Nani kakwambia wanampa tarehe? Wewe ndo umeileta hiyo tarehe. Mtoto si kipofu, anaona wenzie wanarefuka yeye kaishia kwenye mita moja, kila mara anapelekwa kupimwa moyo, halafu wewe unamwambia "utapona mwanangu". Akili zao ziko timamu kabisa, huo uzee haugusi ubongo. Basso kasoma chuo kikuu Padova, tena kaenda kusomea vinasaba vya ugonjwa wake mwenyewe. Usipomwambia wewe atamwambia mtoto wa jirani na atamwambia vibaya.

Ngosha_02: Hapo ndo mnanichanganya. Wastani 14 afu huyu kafika 28, mara mbili kabisa!! Sasa huo wastani wa wapi? Hawa madaktari wanabahatisha tu af wanatisha wazazi wa watu

Fundi_Mizani: Ngosha wastani sio sheria ya bunge. Wapo waliokufa na miaka 7, wapo waliovuka 20, ukijumlisha ukagawa ndo unapata hiyo 14 na nusu. Leon Botha yule mchoraji wa Cape Town alifika 26, akafa 2011 siku moja tu baada ya birthdei yake. Ila hao ni wa kuhesabu. Na kitu ambacho watu hawakioni ni hiki, ukisikia zamani wastani wa nchi fulani ulikuwa miaka 45 haimaanishi wazee hawakuwepo, ni vichanga wengi walikufa wakaushusha. Kwenye projeria si hivyo, mtoto anazaliwa vizuri tu, dalili zinaanza ndani ya mwaka wa kwanza au wa pili, na vifo vyenyewe vinakuja baadaye. Kwa hiyo huo wastani wa 14 haukudanganyi sana kama ule wa nchi nzima.

Ngosha_02: Sawa profesa ila bado sijaona kwanini wamtishe mtoto

Maabara_Kwetu: Naomba niongeze kitu kwa Chui. Sam Berns wa Marekani alizaliwa 1996, wazazi wake wote ni madaktari, wakati mtoto anagundulika hakukuwa na dawa wala hakuna aliyejua jeni gani. 1999 wakaanzisha taasisi ya utafiti, 2003 jeni likapatikana, linaitwa LMNA, herufi moja tu imekosewa mwili unatengeneza protini mbovu inayoharibu ukuta wa kiini cha seli. 2007 wakaanza kuwajaribishia watoto lonafarnibu, dawa ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya kansa, na Novemba 2020 Marekani wakaipitisha rasmi. Inaongeza kama miaka miwili na nusu kwa wastani. Sasa fikiria mzazi aliyemwambia mwanae mwaka 2003 "utaishi 14", miaka minne mbele hesabu imebadilika. Kwa hiyo swali sio aambiwe au asiambiwe, swali ni aambiwe namba ipi na ya mwaka gani.

mwanaharusi_wa_zamani: Hii kitu inarithiwa? Maana kwa mume wangu kuna ndugu watatu vipara tangu ujana 😂

Maabara_Kwetu: Hapana dada, vipara ni vipara tu. Projeria hii ya watoto karibu mara zote hairithiwi, ni kosa jipya linatokea lenyewe, mara nyingi kwenye mbegu za baba, na imeonekana akina baba wenye umri mkubwa wamo zaidi kidogo kuliko ilivyotarajiwa.

Babu_Kijana: Nimesoma hapo nimeacha chai inapoa. Kumbe sasa hivi kila kitu baba mzee. Mimi nina miaka 61, mke wangu wa pili ana 34, tuna mtoto mzima wa afya, anakula ugali kunizidi. Sasa kijana wa maabara unataka kutuambia sisi tuliochelewa tunazaa vizee? Semeni wazi tujue!

Maabara_Kwetu: Mzee wangu shikamoo, sijakutaja wewe. Ni mtoto mmoja kwenye vizazi kama milioni nne. Hata hiyo hatari ikipanda mara mbili bado ni kitu ambacho hutakiona kijijini kwenu wala wilayani.

Babu_Kijana: Marahaba. Lakini umeandika "wenye umri mkubwa", nimeona kwa macho yangu

Msafiri_Voi: Wazee wa bara mnachekesha. 61 na 34, hapo shida si jeni mzee, hapo kwani bibi wa kwanza alisema nini? 😂😂

Babu_Kijana: Mke wa kwanza ni marehemu, Mungu amrehemu, na wewe jifunze adabu kabla hujaandika.

Msafiri_Voi: Pole mzee, hiyo sikujua.

BintiPangani: Pole mzee. Ila acheni niseme, mwanamke akibeba mimba na miaka 41 kliniki nzima inamgeukia, manesi wanamuuliza mbele za watu "bado unazaa?", anasomewa hatari zote. Baba wa 61 hajawahi kuulizwa hata siku moja. Leo kaambiwa sentensi moja ya sayansi kaacha chai. Karibu kwenye maisha yetu!!

mwanaharusi_wa_zamani: Sema mamaaa 👏 mie nilizaa wa mwisho na 42 wifi akaniita bibi mjamzito

Fundi_Mizani: Jamani mtoto aambiwe au asiambiwe?

Ngosha_02: Fundi achana na hayo, mi nna mvi tangu nna 24. Nimeona mahali kuna projeria ya wakubwa pia, ya Wajapani sijui. Niende hospitali??

Maabara_Kwetu: Hiyo inaitwa Werner. Sio ya Wajapani peke yao, ila kule wapo wengi zaidi, na hiyo ndo ya kurithi, lazima upate jeni bovu kutoka kwa baba na mama wote wawili. Anayeipata anaacha kurefuka wakati wenzie wanabalehe, mvi miaka ya ishirini, mtoto wa jicho thelathini na kitu, halafu kisukari, moyo, kansa, wengi hawafiki 60. We una urefu gani?

Ngosha_02: Futi sita na inchi moja

Maabara_Kwetu: Basi nunua piko

Msafiri_Voi: 🤣🤣 Lakini nirudi kwa mambo ya maana, nyinyi mnaongea Italia na Marekani tu. Kuna yule msichana wa Afrika Kusini, Ontlametse Phalatse, msichana wa kwanza mweusi duniani kuwa na hiyo ugonjwa. Yeye alikuwa anajua, na alikuwa anaongea mbele ya watu bila kuogopa. Alitimiza 18 mwezi wa tatu 2017, akakutana na Zuma, mwezi wa nne akafariki. Si alikuwa amevuka hiyo 14 yenu? So kujua hakukumuua.

BintiPangani: Wa kwanza KUGUNDULIWA, sio wa kwanza kuwa nayo. Ugonjwa hauangalii rangi. Huku mtoto haongezeki uzito, nywele zinatoka, wanasema utapiamlo, wengine wanamnyooshea bibi kidole kuwa ni mchawi, anazikwa na jina la ugonjwa mwingine. Mimi siamini hata kidogo kwamba Afrika nzima hii wako wachache kiasi hicho.

Chui_wa_Makorongo: Dada unanisaidia hoja yangu bila kujua. Huku dawa yenyewe haipo, kampuni iliyokuwa nayo ilifilisika 2024 ikabidi dawa iuzwe kwa kampuni nyingine, na hiyo ni kwao Marekani. Basso angalau dawa ilikuja kumfikia. Mtoto wa Tandahimba unamwambia ugonjwa halafu dawa unamwambia iko wapi? Unamwambia nini cha kumshika?

BintiPangani: Unamwambia hivyo hivyo. Na unampeleka apimwe moyo, presha iangaliwe, hata aspirini kidogo kidogo ambayo madaktari huwapa kulinda mishipa ipo mpaka Tandahimba. Asiyejua anachoumwa ataenda kupima nini?

Chui_wa_Makorongo: Kupima apelekwe, mzazi ndo anajua. Mimi nazungumzia mtoto.

BintiPangani: Mzazi ndo anajua, na mtoto anabebwa tu kama gunia. Una watoto wewe?

Chui_wa_Makorongo: Hilo halihusiani.

Ngosha_02: Hana 😂

Babu_Kijana: Mimi ninao saba na ninasema mtoto anaambiwa kidogo kidogo, kadiri anavyouliza. Akiuliza kwanini sina nywele, jibu la nywele. Siku akiuliza nitakufa, ndo unajibu hilo. Hao wazungu hawajagundua kitu hapo.

Maabara_Kwetu: Mzee hapo nakuunga mkono.

Babu_Kijana: Sikukuomba uniunge mkono. Futa kwanza ule mstari wa umri.

Maabara_Kwetu: Siwezi kufuta mzee, ndivyo ilivyo.

Msafiri_Voi: Mzee huyo wa mwisho ako na miaka mingapi?

Babu_Kijana: Minne. Na jina lake anaandika mwenyewe.

mwanaharusi_wa_zamani: Mashaallah. Na siku ya wazazi shuleni huwa wanakuita baba nani au babu nani?