Je, meya wa Kigoma Ujiji angeweza kuchaguliwa bila chama?

Mkazi wa Gungu: Ndugu zangu, nimesoma kwamba katika jiji la Chicago, Marekani, karatasi ya kura ya umeya haionyeshi chama cha mgombea, na wananchi wenyewe ndio wanaomchagua. Sisi hapa manispaa tunamchagua diwani, kisha madiwani wanamchagua mwenzao mmoja awe meya. Ni nini kinachozuia utaratibu ule usitumike kwetu?

Bangwe: Chicago imeufuata tangu uchaguzi wa 1999. Wagombea wote huingia katika kinyang'anyiro kimoja, na asipopatikana aliyevuka nusu ya kura, wawili wanaoongoza huenda duru ya pili. Mwaka 2023 wagombea walikuwa tisa. Meya aliyekuwa madarakani, Lori Lightfoot, aliangushwa katika duru ya kwanza, kisha Brandon Johnson akamshinda Paul Vallas. Usidhani, hata hivyo, kwamba makundi yalikaa pembeni: chama cha walimu kilimuunga mkono Johnson na cha polisi kikamuunga mkono Vallas.

Mzee wa Katubuka: Kwetu kizuizi huanzia chini kuliko umeya, kwa kuwa sheria humtaka hata mgombea udiwani adhaminiwe na chama cha siasa. Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha iliamua mwaka 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba kumzuia mgombea binafsi kunakiuka haki za raia, lakini sharti hilo bado lipo. Mimi nina shaka nyingine, ambayo naiona kubwa zaidi. Meya wa Chicago ndiye mtendaji mkuu anayeandaa bajeti ya jiji, ilhali meya wetu huongoza vikao vya baraza, na shughuli za kila siku zimo mikononi mwa mkurugenzi anayeteuliwa na Rais. Tukimchagua meya moja kwa moja na madaraka yakabaki hayo hayo, tutakuwa tumempa heshima tu.

Bangwe: Nakubaliana nawe, mzee wangu, na Ghana ni ushahidi. Katiba yao ya 1992 inavikataza vyama kudhamini wagombea wa mabaraza ya wilaya, lakini mtendaji mkuu wa wilaya, mwenye madaraka yenyewe, huteuliwa na Rais, kisha huthibitishwa na theluthi mbili ya wajumbe wanaohudhuria na kupiga kura.

Mkazi wa Gungu: Shukrani, wazee wangu. Basi swali langu kwa diwani wetu litakuwa juu ya madaraka ya meya kwanza, kabla ya chama chake.