Programu ya boti yafanya kazi kwangu, kwa mteja yakataa. Msaada, wakuu

Kijana_Langoni: Salaam aleikum. Nina programu ya Java ya tiketi za boti, Lamu na Mokowe. Majina ya methodi (vipande vya kazi vya programu) nayasoma kwenye faili, kisha getMethod(jina, int.class) kuitafuta, kisha invoke kuiita. Kwangu safi, kwa mteja NoSuchMethodException, yaani methodi haionekani. Jumamosi twazindua!

Chombo_Kavu: getMethod huona za public (za wazi) tu, hata za kurithi. Yako ni private (ya kufichwa)?

Kijana_Langoni: Public. Jina ni lile lile, herufi kwa herufi.

MamaSwaleh: Jina halitoshi mwanangu, Java hutazama na aina za parameta, vile vitu methodi inavyopewa. int na Integer, zote za namba, kwake ni watu wawili. Hilo lilinikesha hadi adhana ya alfajiri, mume akadhani nachati na mtu.

Chombo_Kavu: Mama, ingekuwa hivyo ingekataa hata kwake.

Fundi_Mpeketoni: Kwani waziita methodi kwa majina kama mbuzi? Tumia interface (orodha ya methodi iliyotangazwa), kompaila ikushike kosa mapema.

Chombo_Kavu: Jar (faili la programu nzima) ya mteja ndiyo hiyo hiyo yako?

Kijana_Langoni: Karibu hiyo hiyo. Nimeipitisha ProGuard tu.

Chombo_Kavu: "Tu"! ProGuard hubadilisha majina. Faili lasema kataTiketi, ndani ya jar imeshakuwa a. Haina habari na faili lako. Ukiiacha ProGuard ipunguze msimbo, methodi huifuta kabisa ikidhani haiitwi. Weka -keepclassmembers kwa klasi (fungu) yenye methodi hizo, majina yabaki.

Kijana_Langoni: Kupunguza nimezima. Lakini majina siachi wazi. Tuliiandika wawili, tumekosana, na mteja nishamwambia hakuna mwingine awezaye kuigusa.

MamaSwaleh: Klasi moja tu ndiyo itakayobaki na majina! Na bytecode, msimbo ulio ndani ya jar, husomeka hata ukiivuruga. Jasho la mwenzio je?

Baharia_Malindi: Ngojeni. Huu ni mtihani wa darasani umevishwa kanzu. Boti ya Mokowe mimi hulipa humo humo ndani, tiketi ya nini?

Kijana_Langoni: Ni za kukodi, wageni wa Shela.

Fundi_Mpeketoni: Mwanzo ulisema Mokowe.

Kijana_Langoni: Wapitia Mokowe!

Chombo_Kavu: Mtihani au si mtihani, fungua mapping.txt, ProGuard huandika humo jina la zamani na jipya, utwambie waona nini.

Kijana_Langoni: "void kataTiketi(int) -> b". Ila ProGuard siitoi.

Baharia_Malindi: b? Haya, si mtihani. Wa mtihani angeandika a. Huyo mwenzio yuaitwa nani, nimpigie?