Mdogo wangu anasema "neema haijanifikia". Nimrudishie mtumbwi?

Mama Mwaloni
Mwangaluka wakuu. Naishi Igogo, nina mtumbwi mmoja wa dagaa unaolala kambini huko Ukerewe. Nahodha ni mdogo wangu wa tumbo moja. Giza lililopita (zile siku zisizo na mbalamwezi, ndipo dagaa huvuliwa kwa taa) walivua vizuri, akauza mzigo, na 860,000 yote ikaishia kwenye kubeti. Ni mara ya tatu. Ile ya pili alilia mbele ya kanisa, akaombewa, tukapiga makofi.

Juzi nikamkalisha. Hakukana kitu. Ila jibu lake ndilo linaninyima usingizi: "Dada, Yesu mwenyewe alisema hakuna awezaye kuja kwake asipovutwa na Baba. Mimi sijavutwa. Na hii asili ya dhambi sikuiomba, nimeirithi kwa Adamu. Unanilaumu kwa lipi?" Nilikuwa na ungo wa dagaa mapajani, nikaendelea kutoa mchanga tu, jibu sina.

Hela nimeshasamehe. Lakini mbalamwezi inaisha wiki ijayo na vijana wanauliza nahodha ni nani. Kama kweli hawezi kuchagua, kumkasirikia si uonevu? Na kama anaweza, mbona kila akisema "sirudii" namuona usoni kabisa kwamba anamaanisha?

Sato Mkavu
Neema ya kuweka mkeka saa nane usiku anayo, ya kuacha ndiyo hana? Tafuta nahodha mwingine.

Katekista Mstaafu
Mwangaluka mayu. Huyo kijana kashika nusu ya maneno, na nusu hiyo ni ya kweli, ndiyo maana imekukaba. Yohana 6:44 ipo.

Ugomvi huu ni wa zamani. Pelagio, mtawa aliyetoka Uingereza, alifundisha kwamba mtu huzaliwa mzima kama Adamu kabla hajaanguka, akitaka kutenda mema anaweza. Aliyempinga ni Mwafrika, Agostino, askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba huko Algeria. Agostino alikuwa anajijua. Akiwa na miaka 16 yeye na wenzake waliiba mapeari kwenye mti wa mtu, wala njaa hawakuwa nayo, wakaishia kuwatupia nguruwe. Alikiri kwamba utamu ulikuwa kwenye wizi wenyewe. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia "jikaze tu". Mwaka 418 maaskofu waliokutana Karthago wakayakataa mafundisho ya Pelagio.

Wengi huishia hapo, na mdogo wako kaishia hapo. Mwaka 529, mjini Orange, Ufaransa, maaskofu walisema neema hutangulia hata ile hamu ya kwanza ya kuamini. Wakati huohuo wakamlaani yeyote anayesema Mungu amempangia mtu kutenda uovu. Basi muulize: yale machozi ya kanisani yalitoka wapi? Kama hata kutaka kuacha hakutoki kwake, basi alishavutwa. Asiseme bado.

Kijana wa Bwiru
Katekista nakuheshimu, ila hapo kwenye kurithi tusiende haraka. Agostino alisoma Warumi 5:12 kwa Kilatini, ikasomeka kama kwamba wote tulitenda dhambi *ndani ya* Adamu. Biblia yetu ya Union inasema mauti iliwafikia wote "kwa sababu wote wamefanya dhambi", na wasomi wengi wa lugha ya Kigiriki, ambayo Paulo aliiandikia, wanaona hiyo ndiyo maana yake. Waorthodoksi mpaka leo wanasema tulichorithi ni mauti na udhaifu, hatia hapana. Na Ezekieli 18:20 inasema mwana hataubeba uovu wa baba yake. Adamu alikula tunda. Simu hakuwa nayo.

Katekista Mstaafu
Ya simu nimecheka. Lakini hata sisi Wakatoliki hatusemi mtoto ana kosa lake binafsi kwa sababu ya Adamu. Tunasema amezaliwa na jeraha. Mwenye jeraha haadhibiwi kwa kuchechemea, ila akikataa dawa anaulizwa.

Baharia Mstaafu
Dada, mimi nimebeti miaka minne, theolojia nawaachia wazee. Paulo anaposema baya asilolipenda ndilo analolitenda, mimi namuelewa bila kufafanuliwa. Uhuru wangu ulikuwa wa asubuhi. Asubuhi niliweza kabisa kumpa mke wangu laini ya simu. Usiku, hela mkononi na mechi zinaendelea, hapakuwa na mtu wa kuchagua chochote, alikuwa amebaki mwili tu. Kwa hiyo nilichagua asubuhi. Nilijuaje kwamba nichague? Hapo sina la kusema, siku moja niliamka tu nikaweza.

Aende ziwani kama baharia. Mzigo auze mwingine, hela iingie kwako moja kwa moja.

Mama Mwaloni
Si nitakuwa nimemnyang'anya huo uhuru wenyewe?

Baharia Mstaafu
Ukimfungia kwa nguvu, ndiyo. Mpe yeye apange, na mpange mchana.

Sato Mkavu
Mimi bado nasema nahodha mwingine, ila haya.

Mama Mwaloni
Mrejesho. Nilimuuliza swali la machozi. Akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza, "Sasa mzigo atauza nani?" Nikamwambia apendekeze. Akamtaja mama mmoja wa hapa Kirumba ambaye hata mimi simpendi sana, mkali, hakopeshi. Nahodha ni kijana mwingine, yeye atashika taa.

Simu kubwa kaniachia. Laini alitaka kuitoa mwenyewe, kijisindano hakuna, akachukua hereni yangu. Kaondoka na kitochi jana na feri ya mchana, ananisifia eti chaji inakaa siku nne, utadhani kakitengeneza yeye.