Mkono wa kushoto ukipanda stafu ya juu, naandikaje kwenye MuseScore?

Mtunzi_Kirumba
Wakuu, kwema? Natunga nyimbo za kwaya hapa Kirumba, nota naandika kwa MuseScore 4, ile programu ya kompyuta ya kuandikia nota. Nina wimbo wa matoleo wa 6/8, do ni F, na safari hii kinanda nimekipa kazi yake chenyewe, si kunakili tu sauti nne za waimbaji. Shida ni kwamba mpiga kinanda wetu anaishi Nansio, kisiwani Ukerewe. Namrushia PDF kwa WhatsApp, anasomea kwenye simu, tunaonana naye akishuka melini Jumamosi, na Jumapili ndiyo misa. Sina nafasi ya kusimama pembeni nikimwonyesha "hapa kushoto, hapa kulia". Karatasi yenyewe ndiyo iseme.

Kipimo (kile chumba kati ya mistari miwili ya wima) cha 9 hadi 12 nota zinapanda F C F, A C F: tatu za kushoto, tatu za kulia. Balaa liko kipimo cha 13. Kulia ameshikilia A, C na F za juu kipimo kizima, kwa hiyo kushoto inabidi apande zote sita peke yake. Nikiziacha stafu ya chini (ile mistari mitano ya nota za kushoto), ile F ya mwisho inaelea juu ya vimistari viwili vya nyongeza, na kwenye kioo cha simu vile vimistari ni ukungu mtupu. Nikiziandika stafu ya juu, jamaa anadhani ni za kulia, anaachia alizoshika, kinanda kinakatika waimbaji wako hewani. Limeshatokea, na akina mama wa sauti ya kwanza bado hawajamsamehe.

Besi_Nyegezi
Mkuu, ziandike zote sita stafu ya chini kama kawaida. Kisha chagua C na F za mwisho, bonyeza Ctrl+Shift+mshale wa juu. Zitahamia juu kwa macho tu, ila kwa programu bado ni mali ya stafu ya chini, na ule mstari mnene unaofunga A, C na F utakatiza kati ya stafu mbili. Msomaji anaona mkono mmoja unasafiri. Ukitaka kuzirudisha, mshale wa chini.

Mtunzi_Kirumba
Nimebonyeza mpaka kidole kinauma. Hakisogei kitu.

Besi_Nyegezi
Hizo stafu mbili ulizipataje?

Mtunzi_Kirumba
Nilianza na karatasi ya kwaya, nikaongeza ala mbili, moja ufunguo wa G, nyingine wa F, nikazifunga kwa mabano.

Besi_Nyegezi
Basi ndiyo hapo. Kwa macho yako ni kinanda kimoja, kwa programu ni ala mbili, na nota haivuki kutoka ala kwenda ala. Ongeza piano, yenyewe inakuja na stafu zake mbili. Hamishia nota humo kwa Ctrl+C na Ctrl+V, ufute zile za zamani.

Mwalimu_Igoma
Naongezea, vijana wangu. Mpiga kinanda mzoefu haangalii stafu peke yake, anaangalia na mashina, vile vijiti vya nota. Mikono miwili ikikutana kwenye stafu moja, mashina ya kulia yaende juu, ya kushoto yashuke chini. Programu isipofanya hivyo, chagua nota ubonyeze X. Kipimo cha 9 hadi 12 hakihitaji kuhamisha chochote: tatu ziandike chini, tatu juu, maana kwenye 6/8 nota sita huenda tatu tatu, mafungu yenyewe yamegawanyika hapo hapo. Alama za kimya zinazobaki zifiche kwa V. Kwenye skrini zitabaki kijivu, usihangaike kuzifuta, kwenye PDF hazitoki. Na mwanzo wa kipimo cha 13 andika M.S. (mano sinistra, Kiitaliano cha mkono wa kushoto), au "kushoto" tu, mara moja. Nimeona watu wanajaza hizo herufi kila kipimo mpaka ukurasa unafanana na risiti ya dukani.

Vibonye61
Mimi ni mpigaji, si mwandishi, na ningependa watunzi mjue hili. Vinanda vingi vya makanisani ni vya vibonye 61, nota ya chini kabisa ni C iliyo oktava mbili chini ya C ya kati. F yako ya kuanzia ipo, lakini usishuke zaidi ya hiyo C. Halafu wengi tunagawa kinanda, nyuzi upande wa kushoto, piano upande wa kulia. Mkono ukipanda nota sita hivyo unavuka mpaka njiani: unaanza na nyuzi, unamalizia na piano. Akiwa amewasha na mdundo wa kinanda, ndiyo kabisa, kila nota ya chini inageuzwa amri ya kubadili kodi (nota zinazolia pamoja) za huo mdundo.

Mtunzi_Kirumba
@Besi_Nyegezi nimeweka piano, C na F zimeruka juu kwa bonyezo moja. Asante sana kaka. Mwalimu, shikamoo, mashina nimeyageuza na M.S. iko moja tu. @Vibonye61 huyu bwana wa Nansio kugawa kinanda ndiyo starehe yake, kwa hiyo juu ya kipimo cha 9 nimeandika "piano tupu, usigawe, zima mdundo". PDF imeshakwenda, tiki bado ni moja.